Nilikwenda Kuchomeka Waya

Watu wa mji huu wakikushika kwa jambo hawakuachii, kwa hivyo nasema mapema: sikusimama pale ili nimpige mtu fumbo. Nilisimama kwa sababu ya waya wa maikrofoni. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka akamuulize mdogo wangu Kazija, ambaye ndiye aliyeieneza khabari kabla mie sijafika nyumbani kuvua viatu.

Mie ni Ulfat. Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Nyumba ya Nyuzi, chuo cha taarabu na sanaa za jukwaani pale mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Ukilisikia jina la cheo utadhani kuna gari na dereva. Hakuna. Kuna ghorofa mbili za chokaa zinazovuja, walimu wanaotaka mishahara yao, wanafunzi wanaogombania udi mmoja wenye nyuzi pungufu, na wafadhili wa nje wanaotaka ripoti kwa lugha ambayo hata wao sidhani kama wanaizungumza nyumbani kwao. Taasisi yetu haitafuti faida, na katika hilo tumefanikiwa sana.

Niliingia pale nikiwa mpiga ganuni. Hilo ndilo watu walilolisahau. Ganuni yenyewe ni ile yenye nyuzi sabini na kitu, unailaza mapajani na unaipiga kwa pete zenye ncha, na mie nilikuwa hodari, nasema bila haya. Mkurugenzi wa kwanza alipoondoka ghafla, Mzee Muhiddin, Mwenyekiti wa bodi, aliniomba nishike nafasi kwa muda. Nikashika. Ganuni nikaifunika kanga, nikaiweka juu ya kabati nyumbani kwetu Mbweni, nikajiambia ni miezi michache tu. Wallahi sikujua kama "kwa muda" kwetu haina mwisho.

Si kwamba sikujaribu kuacha. Nimejaribu mpaka nimechoka kujaribu. Tatizo ni kuwa Mzee Muhiddin hakatai. Hajapatapo kunambia hapana hata siku moja. Anakuagizia kahawa, anakutazama kwa huruma, anasema, "Bi Ulfat, hilo tutalizungumza baada ya Ramadhani." Ramadhani ikisha, tutalizungumza baada ya tamasha. Tamasha likisha, baada ya wageni kuondoka. Na mwisho anauliza lile suali lake, kwa upole kabisa: "Na nani atakaa?" Hapo mie hunyamaza, kwa sababu moyoni nami nilikuwa nikiamini hakuna wa kukaa. Nilikuwa najua mahali pa kila ndoo mvua ikinyesha. Nilikuwa najua mfadhili yupi haandikiwi Ijumaa na mwimbaji yupi haambiwi ukweli kabla ya onyesho. Nani mwengine angeyajua hayo?

Huku vidole vyangu vikakamaa. Asubuhi nikiamka navikunja na kuvikunjua kitandani, navihesabu kipi bado kizima. Uchovu naujua, uchovu haunitishi. Kilichokuwa kikinila ni khofu kwamba siku nitakayoachiwa, nitaishusha ganuni kutoka juu ya kabati na vidole vishakufa. Hiyo ndiyo iliyokuwa haja yangu pekee duniani, kuitua ile kazi nikiwa bado naweza kupiga.

Sasa hiyo siku ya waya. Onyesho letu la mwaka tulilifanya baada ya sala ya Alasiri, maana wageni wa wafadhili walikuwa na ndege ya jioni. Ukumbi wa juu ulijaa, madirisha wazi yote. Mzee Muhiddin kakaa mstari wa mbele na kofia yake mpya, wageni pembeni yake. Naibu wangu, Amne, mtoto wa Jang'ombe aliyenijia akiwa mpiga fidla na sasa ndiye anayepanga maonyesho yote, kakaa ukutani karibu na jukwaa. Mie nilikuwa mstari wa nyuma yao, lakini kukaa kwangu si kukaa. Nilikuwa natazama sharbati kama imefika kwa wote, feni gani imesimama, mgeni gani kakunja uso.

Mwanapili akaanza wimbo wake. Huyu ndiye mwimbaji wetu mkubwa, mwanamke wa Tumbatu, akiimba hata anayetafuna anaacha kutafuna. Wimbo ulikuwa mpya, umetungwa pale pale chuoni, unamhusu mke aliyechoshwa na mume asiyejali. Ubeti wa mwisho unasema hivi:

Mzigo nimeuchoka, naushusha nipumue,
Mwenye haja kujitwika, na aje auchukue.

Kwa asiyejua mambo yetu, taarabu haisikilizwi kwa masikio peke yake. Ubeti ukikugusa unasimama, unakwenda mbele taratibu, mkono juu, unamtunza mwimbaji, yaani unampa noti au chochote ulichonacho. Na ukishasimama, ubeti ushakuwa wako. Ukumbi mzima unageuka kutazama umemlenga nani. Mwanamke anaweza kukaa na jambo lake mwaka mzima, kimya, akalisema lote kwa kusimama mara moja. Hakuna anayesimama kwa bahati mbaya. Hata watoto wanalijua hilo. Mie mwenyewe nawaeleza wageni hilo kila mwaka, hotuba yake naijua kwa moyo.

Basi ndipo nikauona waya. Waya wa maikrofoni ulipita pembeni ya zulia mpaka kwenye kisanduku cha sauti, na kila Mwanapili akipiga hatua plagi ilikuwa inavutika, inachomoka kidogo kidogo. Nikamtafuta kwa macho Ubwa, fundi wetu wa sauti. Ubwa yuko dirishani anazungumza na simu, kageuza mgongo. Nikaona sasa sauti itakatika katikati ya ubeti, mbele ya wageni, na mwaka mzima wa kazi utaonekana wa ovyo. Mkurugenzi mwenye akili angempa mtu ishara. Mie nikasimama.

Nikapita katikati ya viti, pole pole, maana goti langu halitaki haraka. Mkono nikaunyanyua kumwashiria Mwanapili asisogee. Na mkononi, masikini mie, nilikuwa na karatasi ya ratiba niliyokuwa nikijipepea nayo, sasa nimeikunja ndogo kama noti.

Kigelegele cha kwanza kilitoka nyuma. Nikadhani wanamshangilia Mwanapili. Kikafuata cha pili, karibu yangu, na mama mmoja akanipiga bega akasema, "Waambie." Kuwaambia nini, nikajiuliza, na ndipo maneno ya ubeti yakanifika masikioni, nami nishakuwa mbele ya jukwaa, mkono juu, nimesimama mbele ya Mwenyekiti wangu.

Bendi ikiona mtu kasimama hurudia ubeti. Ndiyo adabu. Na aliyesimama akiwa ni mkurugenzi wao ambaye hajasimama tangu waanze kazi, basi fidla zilirudi kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia mazoezini. Mwanapili akanijia na mikono miwili, machozi yanamlenga. Akinamama wakainuka wakaja nyuma yangu. Nilitaka kurudi kitini, lakini njia ishazibwa na mabuibui. Nikafanya jambo pekee lililobakia kwa mtu mjinga: nikamtunza Mwanapili ile ratiba. Akaibusu, akaitia kifuani.

Na nitasema yote, kwa kuwa nshaanza. Ubeti ulipokuja mara ya tatu, midomo yangu ilikuwa inaimba. Sikuiagiza. Nilipofika kwenye "naushusha nipumue" kifua kilifunguka, pumzi ikaingia mpaka chini, mahali ambapo haijafika miaka. Nikalia pale pale mbele ya wafadhili. Nilisikia raha mpaka nikaogopa.

Kushuka ngazi ilikuwa kazi. Kila mtu ananishika mkono. Bibi mmoja ambaye sijui hata jina lake alinambia, "Umetusemea wote, mwanangu," akaenda zake kabla sijamjibu. Sijafika barabarani simu ikalia. Kazija.

"Dada, Abdulla kafanya nini?"

"Abdulla yupi?"

"Unao wangapi? Mumeo. Watu wanasema umemshusha mbele ya wageni."

"Nilikwenda kuchomeka waya, Kazija."

"Haya, waya. Mie nshakutandikia kitanda cha chumba cha nyuma. Ukitaka njoo."

Nilipofika Mbweni, mume wangu Abdulla, mhandisi mstaafu wa meli za abiria, alikuwa barazani anamenya machungwa. Shemeji zake wote washampigia. Hakuinua macho.

"Kama mzigo ni mie, nambie mapema nikatafute pa kulala," akasema. "Leo kuna mpira, nataka kujua nitautazamia wapi."

"Abdulla, nilikwenda kuchomeka waya wa maikrofoni."

"Waya."

"Waya."

"Na kulia je? Nao waya?"

Akanitazama, akanipa kipande cha chungwa. "Basi si mie," akasema. "Wewe kwa ajili yangu hujapata kulia kwa raha." Akaendelea kumenya, na siku hiyo hakuniuliza tena.

Asubuhi yake ikapigwa hodi. Mzee Muhiddin alikuwa hajapatapo kuja kwangu isipokuwa kwa msiba, kwa hivyo nilipomuona mlangoni nikajiuliza nani kafa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba." Akakaa kitako. Abdulla akamletea kahawa, akajitia ana shughuli nyuma ya nyumba. Mzee hakuigusa kahawa. Mtu huyu na kahawa ni damu moja, nikajua mambo si madogo.

"Bi Ulfat," akasema, "mzigo ni mie?"

"La hasha, mzee wangu."

"Sikulala. Nageuka huku, nageuka kule, nasema huyu nimemkosea wapi. Kama nimekuchosha ungenambia uso kwa uso. Usingenitia kwenye ubeti mbele za watu."

Ungenambia. Hapo damu ilinichemka, wallahi. Mara ngapi nimekwambia uso kwa uso, ukanambia baada ya Ramadhani? Maneno yalikuwa yashafika kwenye meno. Lakini nilimtazama macho yake yalivyovimba, na kofia ile mpya kaivaa upande, nikayameza. Hii ndiyo kazi ya fumbo. Halitaji jina. Kila mtu analichukua akalipima, na likimkaa ni lake. Kwa Kazija lilimkaa Abdulla, mzee wa watu likamkaa mwenyewe.

"Sikiliza," akasema. "Kama ilikuwa bahati mbaya, sema tu. Nitawapigia wajumbe wa bodi leo hii niwaambie ilikuwa bahati mbaya. Yaishe. Wewe uendelee na kazi yako kama kawaida."

Tazama mtihani huo. Kwa sababu ilikuwa bahati mbaya. Ukweli ulikuwa upande wake, na ukweli huo ungenirudisha ofisini mpaka nizikwe. Nikisema nilikusudia, niko huru, lakini nimemdanganya mtu mzima ndani ya nyumba yangu, na nimemwacha aondoke akidhani nilimdhalilisha makusudi. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Nikaiona ganuni juu ya kabati, kanga yake ishafifia rangi, upande mmoja umeanguka. Nikakunja vidole, nikavikunjua.

"Nilikwenda kuchomeka waya," nikasema. "Plagi ilikuwa inachomoka. Sikuwa nikisikiliza hata maneno."

Uso ukamnyooka. "Alhamdulillahi. Nikajua tu."

"Sijamaliza. Nilikwenda kuchomeka waya, lakini nilipofika pale nikakuta ubeti ni wangu. Wewe sikukupiga fumbo, na wala hukunikosea. Mzigo ni ile kazi. Nshaichoka, Mzee Muhiddin. Nshaichoka zamani. Nataka kuitua na vidole vyangu bado vizima, nirudi kwenye ganuni. Hilo ndilo nililokuwa nikitaka kukwambia kila mwaka, na kila mwaka tukanywa kahawa."

Akatazama chini. Nikalisubiri suali lake. Nilikuwa nalijua lilivyo, mpaka namna anavyovuta pumzi kabla ya kuliuliza.

"Na nani..." akaanza, akasita. Akazungusha kikombe kwenye kisahani chake. "Huo waya. Uliuchomeka?"

Nikafikiri. Kwa vile vigelegele na kilio, sikuwahi hata kujiuliza. "Sikuuchomeka," nikasema. "Sikuufikia."

"Lakini sauti haikukatika."

"Haikukatika."

"Haikukatika kwa sababu Amne aliuchomeka," akasema Mzee Muhiddin. "Mie nilikuwa mbele, niliona. Wewe hata nusu ya njia hujafika. Yeye kainuka, kainama, kachomeka, kasogeza mguu wa kiti juu ya waya ili usivutike tena, karudi kukaa. Wageni hawakumuona. Ndiyo maana nikasema haya mmepanga, wewe uje mbele useme maneno, yeye ashike mambo."

Kwanza iliniuma, sitaficha. Miaka yote ile nilikuwa nikidhani nikifumba jicho paa litaanguka, kumbe pembeni ya ukuta kuna mtu kaliona jambo kabla yangu, na kalimaliza bila goti kumuuma. Iliniuma kama mtu anayeambiwa hajaalikwa. Halafu ile pumzi ya jana ikarudi, ikaingia mpaka chini, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Abdulla akachungulia kuona kuna nini. Ningekaa kwenye kiti changu nikala kashata, onyesho lingekwisha salama, na nisingejua.

Mzee Muhiddin naye akatabasamu, kwa shida kidogo. Akachukua kikombe.

"Amne, basi," akasema. "Hilo tutalizungumza baada ya..."

Nikamtazama.

"Baada ya kahawa hii," akasema, akaimaliza kwa mkupuo mmoja, imepoa hivyo hivyo, akatoa simu mfukoni akaanza kuwapigia wajumbe mmoja mmoja pale pale alipokaa.

Bodi ilikaa, Amne akapewa kazi. Haikuwa kwa muda. Hilo nililisimamia mwenyewe, nikawaambia neno hilo silitaki kulisikia kikaoni. Siku ya kukabidhi alikuja na kalamu, akaniomba nimweleze yote ninayoyajua. Nikamweleza ndoo zinakaa wapi. Kuhusu mengine nikamwambia, "Wimbo ukiimbwa, mama, kaa kitako usikilize." Akaniuliza kama hilo ndilo la muhimu kuliko yote, nikamwambia ndilo.

Wageni wale walituma salamu, wakasema hawajaona kitu kizuri kama mwanamke yule aliyesimama, na wameomba mwakani arudie. Mzee Muhiddin hulisimulia hilo kila akija. Kazija mpaka leo hajakubali khabari ya waya, na kile kitanda bado kimetandikwa.

Siku hizi nakwenda Nyumba ya Nyuzi alasiri, na ganuni yangu, naingia chumba cha chini na wanafunzi. Vidole viwili havikurudi kama vilivyokuwa. Vilivyobaki vimerudi. Siku ya kwanza nilipiga vibaya mno, mtoto mmoja wa fidla akanitazama kwa huruma, nami nilifurahi. Nilikuwa sijaonewa huruma kwa muziki tangu ujana.

Wiki iliyopita nilikuwa peke yangu mle chumbani, nakaza nyuzi za juu ambazo kwa unyevu wetu huu hazitulii. Nje mvua inanyesha. Nikamsikia Ubwa anapiga kelele kutoka ukumbini.

"Mkurugenzi! Maji yanaingia stoo."

Kwetu ukiitwa unaitika, na mie jina hilo nimeliitikia karibu miaka ishirini, nikiwa chooni, nikiwa msibani, nikiwa usingizini kama asemavyo Abdulla. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nusu ya neno ilikuwa ishatoka.

"Naam," akaitika Amne kutoka juu, na viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi, bila haraka.

Nikafunga mdomo. Nikavaa pete zangu vidoleni. Maji yakawa yanaingia stoo, na mie nikaendelea kupiga ganuni.